Ngozi ya mtoto inataka vitu vichache na macho ya kila siku

(Maneno tuliyosema kwenye mkutano wa wazazi wa chama, Baraka. Tumeyaandika karibu na jinsi yalivyosemwa, kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)

Katibu ametuomba tusizidi nusu saa, tutajaribu.

Tuseme mapema: leo hatukuja kuandika majina, na hakuna jetoni. Mtu asikae akingojea. Tumekuja kuzungumza juu ya jambo dogo, ngozi ya mtoto, na munajua kwamba kwetu jambo dogo likiachwa linakula franka za kulima na za masomo.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Kuna wakati tuligawa sabuni kwa familia zilizorudi. Ilikuwa miche ya sabuni ya kufulia, ile ngumu. Tulihesabu, watu wakatia kidole, tukapanda motere tukaenda. Hatukusema neno hata moja juu ya mtoto mchanga. Miezi miwili baadaye tukapita nyumba kwa nyumba, tukakuta watoto wadogo ngozi imekauka, imepasuka kwenye viwiko na nyuma ya magoti, wengine wanalia wakiona beseni. Mama mmoja akatuambia: «Si ni nyinyi mulitupatia? Nilijua sabuni ya projet haiwezi kuwa mubaya.» Hatukuwa na la kujibu. Tulikuwa tumetoa kitu bila maelezo, na mtoto ndiye alilipa. Basi maneno ya leo ni deni letu kwenu.

Kuna habari ya pili, na mama mwenyewe ameturuhusu kuisema bila jina. Amerudi kutoka Nyarugusu na watoto wake. Wa mwisho alikuwa na miezi 14. Mtoto akatoka vipele kati ya vidole na kwenye nyayo, usiku halali. Jirani wa kisimani wakasema: «Angalia, batoto ba kambi.» Wale kati yetu waliokulia kambini wanalijua neno hilo linavyochoma. Umerudi kwenye udongo wa baba yako, umejenga kwa shida, halafu mtoto wako anaonyeshwa kidole kama mgeni mchafu.

Mama akaenda ku soko. Muuzaji akampa tyubu ndogo, akasema inasafisha ngozi. Kweli, siku nne vipele vikapungua. Mtoto akaanza kuwa mweupe, watu wakasifu. Wiki ya tatu vipele vikarudi mwili mzima, uso ukawa mwekundu, ngozi ikawa nyembamba kama ya kitunguu. Na nyumba nzima, watu sita, wakawa wanajikuna. Tulipoisoma ile tyubu, iliandikwa klobetasoli. Kumbe mtoto alikuwa na upele wa kuambukiza, ule unaoletwa na mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho. Klobetasoli haiui yule mdudu. Inanyamazisha ngozi tu, isiwashe, isivimbe. Ngozi ikinyamaza, mdudu anazaa kwa raha.

Yule mama hakuwa mjinga. Alimpenda mtoto wake, na alitaka asichekwe. Tunasema hivi kwa sababu kuna waganga na hata wenzetu wa mashirika wanaowafokea bamama. Mama akifokewa, mara ya pili haji kituo, anarudi kwa yule muuzaji ambaye alimpokea kwa upole.

Sasa tuelezane kwa nini ngozi ya mtoto si ngozi ya mtu mkubwa iliyopunguzwa kipimo. Ni nyembamba zaidi. Inapoteza maji haraka. Tena ukilinganisha na uzito wake, mtoto ana ngozi nyingi kuliko wewe. Maana yake, unachompaka kinaingia ndani ya damu kwa kiasi kikubwa kuliko kingeingia kwako. Ngozi pia ina uchachu kidogo wa asili unaozuia vijidudu. Sabuni kali, hasa ile ya mawese inayopikwa kwa soda bila kupimwa vizuri, inaondoa ule uchachu pamoja na mafuta ya mwili. Mtu mkubwa anavumilia. Mtoto anapasuka, na mahali palipopasuka ndipo vijidudu vinapita.

Kwa hiyo kanuni yetu ni rahisi: vitu vichache, mkono mwepesi, macho kila siku. Tumeigawa kwa maneno manne ili hata mtoto mkubwa anayebaki na mdogo wake aweze kukumbuka. Osha. Kausha. Paka. Angalia.

Osha. Tuanze na mtoto aliyezaliwa leo. Shirika la Afya Duniani linashauri tungoje saa 24 kabla ya kumwogesha mara ya kwanza. Ule utandu mweupe anaozaliwa nao si uchafu, unamkinga. Afutwe, akaushwe, alazwe kifuani kwa mama, afunikwe. Kitovu kiachwe kikavu na kisafi. Majivu, dawa ya meno, samadi, majani ya kutafuna, vyote hapana, isipokuwa kituo kimekupa dawa yake na kukuonyesha.

Mtoto mwenye miezi kadhaa, kwa joto letu hili na vumbi, aoge kila siku kama maji yapo. Lakini kuoga kuwe kwa haraka, dakika tano hadi kumi. Maji yawe vuguvugu. Pima kwa kiwiko chako, kwa sababu kiganja cha mtu anayelima na kushika sufuria ya moto hakisikii tena vizuri. Sabuni si lazima mwili mzima kila siku. Mikono, miguu, kwapa, mikunjo ya shingo na sehemu za chini zinatosha, kwingine maji yanatosha. Mtoto wa kike aoshwe kutoka mbele kwenda nyuma.

Sabuni gani? Ile ya kuogea, nyeupe, isiyo na harufu kali wala rangi. Ya kufulia ibaki kwa nguo. Kama huna sabuni ya kuogea leo, maji peke yake ni bora kuliko mche wa kufulia. Na kile kitambaa kigumu au kamba ya kusugulia, tafadhali, hapana. Tunajua bamama wengi walisuguliwa hivyo na nyanya zao. Lakini weusi wa shingo ya mtoto mara nyingi si uchafu, ni rangi yake. Ukisugua rangi, unatoa ngozi.

Kausha. Usifute kwa nguvu, gusa gusa kwa kitambaa laini. Fungua mikunjo: shingoni, kwapani, mapajani, nyuma ya masikio. Unyevu ukibaki hapo, ngozi inaoza taratibu. Kila mtoto awe na kitambaa chake. Poda tunaomba muiache. Vumbi lake linaingia mapafuni, na mu mikunjo linageuka tope. Mtoto mwenye harara anataka nguo nyepesi, hewa na maji ya kupoza. Nepi zibadilishwe mara tu zikilowa, na akae dakika chache bila kitu, apate hewa.

Hapa tuseme neno juu ya nguo. Nguo ya mtoto usiianike chini kwenye majani wala kivulini. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo yenye unyevu au kwenye udongo, mtoto akivaa, funza anaingia ndani ya ngozi na kutoa jipu lenye tundu. Anika juu ya kamba, kwenye jua kali, na kama una pasi ya makaa, piga pasi pande zote mbili, hata mshono. Joto la pasi linaua mayai.

Paka. Mafuta yapakwe mara tu baada ya kumkausha, ngozi ikiwa bado ina unyevu kidogo. Kazi ya mafuta ni kufunga maji ndani, kama kifuniko cha chungu. Ukingoja mpaka ngozi ikauke kabisa, unafunika chungu kitupu. Vazelini isiyo na harufu inafaa. Mafuta ya alizeti safi, ambayo hayajapikiwa, yanafaa pia. Mwaka 2005 ulitoka utafiti wa hospitali moja ya Dhaka, Bangladesh, kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati: waliopakwa mafuta ya alizeti walipata maambukizo machache kuliko wale ambao hawakupakwa. Lakini tuelewane, kwa mtoto mchanga sana au aliyezaliwa kabla ya siku zake, uliza kituo kwanza.

Na mawese je? Swali hili tunaulizwa kila mahali. Hatusemi ni sumu, bibi zetu walipaka na sisi tupo. Lakini yanashika vumbi, yanaharibu nguo, na rangi yake nyekundu inakuzuia kuona ngozi ilivyo. Mawese tuyaachie sombe.

Mafuta mapya, yoyote yale, jaribu kwanza kidogo ndani ya mkono wa mtoto, ungoje mpaka kesho. Chota kwa kijiko kisafi, usichovye vidole ndani ya kopo. Paka kidogo, mkono uteleze tu. Mtoto hahitaji kungʼaa kama kioo ili watu wajue ana mama.

Tunafika kwenye lile jambo gumu. Wengine wetu Tanzania tulisikia linaitwa mkorogo, hapa kila soko lina jina lake. Ni zile krimu za kubadilisha rangi. Ndani yake mara nyingi kuna hidrokinoni, au zebaki, au dawa kama ile klobetasoli. Zebaki inaharibu figo na ubongo. Klobetasoli ni dawa ya kweli, muganga anaweza kuiandika kwa ugonjwa fulani na kwa siku chache. Ikipakwa ovyo kwa mtoto, inakondesha ngozi, inaweza kumzuia kukua, na inalegeza ile nguvu ya mwili ya kupambana.

Mama ambaye mwenyewe anatumia, hatukuja kumhukumu. Tunaomba tu ajue kwamba krimu inasafiri. Inatoka kwenye mikono yake, kifua chake, shuka, na kitambaa cha kumbebea, inafika kwa mtoto. Usipake kifuani kama unanyonyesha. Nawa mikono kabla ya kumshika. Na siku ukiamua kuacha, sisi tutafurahi. Ila kama mtoto amepakwa kwa muda mrefu, usiache ghafla peke yako. Chukua ile tyubu, nenda nayo kituo, waone jina, wakuongoze namna ya kupunguza.

Neno la nne ni Angalia. Kwetu sisi hili ndilo kubwa. Kama mutasahau mengine yote, mukumbuke hili.

Mtoto hawezi kusema «mama, hapa panawasha tangu juzi». Lakini kila siku, wakati wa mafuta, mikono yako inapita kila mahali. Huna haja ya mashine. Huna haja ya franka. Kaa karibu na mlango, penye mwanga, mvue nguo zote, anza kichwani mpaka vidole vya miguu. Nyuma ya masikio. Viganja. Kati ya vidole. Nyayo. Matako. Ukimjua mtoto wako jana, utaona kilichobadilika leo. Ndiyo sababu ile krimu ni mbaya mara mbili: inadhuru ngozi, halafu inakufunga macho. Inafuta alama ambayo ilikuwa inakuita.

Unatafuta nini? Tuseme matano.

Moja. Vipele vinavyowasha zaidi usiku, kati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni, na kwa mtoto mdogo hata viganjani na nyayoni. Huo unaweza kuwa upele wa kuambukiza. Dawa ipo. Lakini wote wa nyumba moja watibiwe siku moja, hata asiyejikuna, na nguo na shuka zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani siku ile ile. Ukitibu mtoto peke yake, wiki mbili tu munaanza upya.

Mbili. Homa na vipele pamoja, macho mekundu, kikohozi, mafua. Inaweza kuwa surua, ile ku kituo wanaita rougeole. Usingoje, na usimpeleke kwenye umati wa watoto. Uliza pia kama chanjo zake zimekamilika. Waliozaliwa safarini mara nyingi wanakosa karatasi, na mtu anaona haya kusema. Sema tu.

Tatu. Vipele vyenye maji au usaha, usoni, viganjani, nyayoni au sehemu za siri, pamoja na homa na matezi kuvimba. Fikiria mpox. Aina mpya ya ugonjwa huu ilionekana kwanza Kamituga, hapa hapa Kivu ya Kusini, 2023, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox kuwa hali ya dharura ya dunia. Watoto wengi walishikwa. Usipasue vile vipele, usipake kitu, mwite RECO wa kartie yenu au nenda kituo moja kwa moja.

Ine. Ngozi inayobanduka kama rangi ya ukuta, miguu imevimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki, nywele zimekuwa nyepesi na nyekundu, mtoto hataki kucheza. Hiyo si kazi ya mafuta wala sabuni. Hiyo ni bwaki. Mtoto anahitaji chakula cha matibabu, na anakihitaji leo. Tumewahi kukuta mtoto wa namna hii amepakwa vazelini vizuri sana, anangʼaa, miguu imejaa maji. Nyumba ilikuwa safi, mama alikuwa amefanya yote aliyoyajua. Alimpaka kila siku, lakini hakuna aliyekuwa amemwambia aangalie nini.

Tano. Kitovu chekundu chenye usaha au harufu, au mtoto mchanga mwenye malengelenge, au manjano kwenye macho, au hataki kunyonya. Huyo hangojei asubuhi.

Mengine ni madogo. Ukoko wa kichwani kwa mtoto mchanga, paka mafuta kidogo jioni, asubuhi uulegeze kwa kitana laini, utaondoka wenyewe. Usiubandue kwa kucha. Ngozi inayokauka na kuwasha kila mara kwenye viwiko na magoti, mafuta mara mbili kwa siku, sabuni ipunguzwe, na kama haitulii, kituo.

Bababa, tusiwaone munatazama saa. Kumwogesha mtoto hakumpunguzii mwanaume heshima. Baba anayempaka mtoto mafuta jioni anajua hali yake bila kuuliza. Na hata kama hutaki kushika beseni, franka za vazelini zinatoka mfukoni mwa nani?

Hapo tunamalizia na pendekezo. Bamama wa kikundi kimoja hapa walitushangaza. Sisi tulifika na mafundisho, wao wakafika na hesabu. Waliona kwamba sabuni nyeupe na vazelini ukinunua kimoja kimoja ni ghali, na ndiyo sababu mtu anaangukia tyubu ya bei ndogo. Basi ndani ya likelemba yao wametenga sehemu ndogo: kila mwezi wananunua katoni moja ya sabuni ya kuogea na kopo kubwa la vazelini, wanagawa sawa kwa wenye watoto chini ya miaka mitano. Kijiko cha kugawia kinachemshwa kwanza. Anayejifungua mwezi huo anapata wa kwanza. Hakuna projet, hakuna sisi. Tunaomba vikundi vingine vya chama viangalie kama inawezekana kwao.

Na jambo la mwisho, hili ni la chama chote, wenye watoto na wasio na watoto. Ukimwona mtoto wa mwenzako ana vipele, usiseme «mutoto wa kambi». Msogelee mama yake pembeni, mwambie: «Mama fulani, nimeona hapa. Twende wote kituo kesho.» Yule mama wa mwanzo alituambia kwamba angesikia maneno hayo siku ya kwanza, ile tyubu asingeinunua. Mtoto wake sasa anatembea, anakimbiza kuku. Alama kidogo zimebaki mashavuni. Kila jioni mama anampaka vazelini yake karibu na mlango, anamgeuza, anamwangalia.

Maswali tuyapokee sasa, na mwenye jambo la siri atukute chini ya mwembe baada ya mkutano. Tutakuwa pale mpaka jioni.